Kiuno Kinauma na Mwili Unayumba? Pima, Kisha Zoeza

Wagonjwa wa kiuno wakiingia chumba changu cha matibabu hueleza panapouma na wanavyoinuka kitini kwa shida. Mimi nina swali la ziada: ukifumba macho kunawa uso kwa sabuni, unatafuta ukuta? Wengi hucheka, halafu wanakubali.

Mwili husimama imara kwa kusikiliza macho, sikio la ndani, na hisia za misuli, viungo na nyayo. Kiuno kikiuma, hisia za mgongo hufifia. Misuli midogo iliyoshikana na pingili za uti hunywea, nawe bila kujua unakakamaa kama ubao. Kazi ya kukusawazisha inaangukia vifundo vya miguu, na macho ndiyo mkongojo wako.

Hatua ya 1: Ondoa hatari. Ganzi sehemu za siri, mkojo au haja kubwa kukupotea au kuziba, mguu kuburuta, homa, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka: nenda hospitali leo. Ukiona chumba kinazunguka, usikisingizie kiuno. Kamwone daktari pia.

Hatua ya 2: Pima. Vua viatu. Ipe kisogo kona ya ukuta, weka kiti mbele yako. Nyanyua mguu mmoja, macho wazi, hesabu hadi sekunde 30. Badilisha mguu, andika. Kisha bandika miguu yote miwili pamoja, fumba macho, hesabu tena. Vidole vya miguu vikikwaruza sakafu kama kuku na pumzi umeibana, umekakamaa.

Hatua ya 3: Legeza. Hapa ndipo ninapobishiwa, maana watu wameimbiwa "kaza tumbo" miaka nenda rudi. Usikaze. Legeza magoti kidogo, toa pumzi, zungusha nyonga polepole kwa duara dogo, mara 10 kila upande. Naam, kama chakacha. Wagonjwa wangu wa Pwani hawaelekezwi mara mbili. Duara liishie pale maumivu yanapoanza. Fanya hivi siku 3 au 4 kabla ya kuendelea, hata ukiona ni mchezo wa watoto.

Hatua ya 4: Mguu mmoja, mkono ukifanya kazi. Gusa ukuta kwa kidole kimoja, simama kwa mguu mmoja, nyanyua mkono wa pili mbele kwa haraka, shusha. Mara 10. Mkono nauchagua kwa sababu: mwaka 1996, nchini Australia, watafiti Hodges na Richardson walionyesha kwamba mtu asiye na maumivu akinyanyua mkono, msuli wa ndani kabisa wa tumbo hujikaza kabla mkono haujasogea. Kwa wenye maumivu ya kiuno ulichelewa. Zoezi hili linaupa nafasi ya kujizoesha kuwahi.

Hatua ya 5: Yanyime macho kazi. Ukifikisha sekunde 30 za Hatua ya 2 bila kubana pumzi, simama kwa miguu miwili juu ya mto mgumu, palepale konani, fumba macho. Mguu mmoja na macho yaliyofumbwa, usijaribu ukiwa peke yako.

Dakika 10 kwa siku zinatosha. Rudia kipimo baada ya wiki 4. Kiuno kikiuma kidogo wakati wa zoezi na kikatulia jioni, endelea. Kikiamka kesho yake kikali kuliko jana, rudi hatua moja nyuma kwa siku mbili.