Kuhama Nyumba ya Kuchangia Kampala Bila Kupoteza Amana Yako

Kabla hujamwambia yeyote kwamba unahama, tafuta mkataba wa nyumba na uangalie umeandikwa jina la nani, kwa sababu kila hatua inayofuata inategemea jambo hilo. Katika nyumba nyingi za Kisaasi, Ntinda na Kansanga, ambako wanafunzi na wafanyakazi watatu au wanne huchangiana kodi, mkataba huwa na jina la mtu mmoja tu, naye ndiye atakayedaiwa kodi nzima hata kama wenzake wamegoma kuchanga. Ikiwa jina hilo ni lako, kuwaachia wenzako funguo na kuondoka kimya kimya hakukuondolei deni. Ikiwa jina si lako, makubaliano yako ni na mpangaji mwenzako wala si na mwenye nyumba, hivyo utahitaji kuthibitisha kwamba ulikuwa ukilipa. Kusanya ujumbe wote wa malipo ya simu uliotuma tangu ulipoingia na uuhifadhi mahali pengine mbali na simu yako, maana simu huibwa.

Hatua ya pili ni notisi. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inataka mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe katika maandishi au ujumbe wa kielektroniki, na kwa mpangaji anayelipa mwezi kwa mwezi notisi ni siku 30. Kama mkataba wenu umetaja muda mrefu zaidi, ufuate huo. Andika barua fupi yenye tarehe ya leo, tarehe utakayotoka na chumba unachokaa, kisha mwombe mwenye nyumba au msimamizi wake atie sahihi kwenye nakala utakayobaki nayo. Mimi nilitoa notisi yangu kwa mdomo, nikisimama mlangoni, kwa mtu niliyemheshimu kama mzazi, na mwezi ulipokwisha akaniambia kwamba hakumbuki mazungumzo hayo. Nililipa mwezi mmoja zaidi wa chumba ambacho sikulala hata usiku mmoja, na ndiyo maana nasisitiza sahihi hata pale mnapoaminiana.

Amana ndiyo inayovunja urafiki uliosalia, kwa hiyo ipe muda mwingi kuliko mambo mengine yote. Tuseme amana ilikuwa shilingi 900,000, na watu watatu mlitoa 300,000 kila mmoja. Mwenye nyumba kwa kawaida harudishi fungu la mtu mmoja wakati wengine wangali ndani, kwa kuwa kwake amana ni ya nyumba nzima, na wenzako nao watakuambia kwamba watakutumia pesa zako watakapohama. Ahadi hiyo usiikubali, hata ikitolewa kwa upole, kwa maana wanaweza kukaa miaka miwili mingine na kuharibu milango ambayo italipwa kwa pesa zako. Njia iliyo salama ni mpangaji mpya anayechukua nafasi yako akulipe wewe fungu lako kabla hajaingia, na mwandike karatasi moja inayosema kwamba haki yako katika amana imehamia kwake na kwamba jina lake limechukua nafasi ya lako. Karatasi hiyo isainiwe na wewe, mpangaji mpya, wenzako na mwenye nyumba. Ikiwa mkataba una jina lako, bila sahihi ya mwenye nyumba wewe bado ni mpangaji wake. Siku hiyo hiyo piga picha za kuta, sinki, vitasa na vioo vya chumba chako, mpangaji mpya akiwepo, ili uharibifu utakaotokea baadaye usihesabiwe kuwa wako.

Umeme hausumbui sana, kwa kuwa nyumba nyingi hutumia Yaka, yaani mita ya malipo ya awali, na tokeni hulipiwa kabla ya kutumika. Maji ndiyo yenye hatari, kwa sababu ankara huja baada ya matumizi: soma mita siku ya kuondoka, ipige picha, na ulipe fungu lako hadi tarehe hiyo.

Kuhusu wenzako, waambie baada ya notisi kupokelewa, mkiwa pamoja, kwa maneno machache yanayohusu tarehe na pesa tu. Ugomvi wa vyombo vichafu na wageni wa usiku uache ulipo. Ukiufufua wakati huu, watautumia kama sababu ya kushika pesa au mali yako. Vitu mlivyonunua kwa kuchanga, kama jokofu au mtungi wa gesi, viwekeeni bei ya leo, na anayebaki navyo awalipe wenzake.

Hamisha mizigo asubuhi ya siku ya kazi, ukiwa na pikapu uliyokubaliana bei mapema na ndugu au rafiki mmoja wa kukaa na vitu vilivyokwisha kutolewa nje. Mtu akizuia mali yako kwa madai ya deni, usivunje mlango wala usishikane naye. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, wa eneo hilo ukiwa na karatasi zako, na ikishindikana, nenda kituo cha polisi. Hata kama hakuna ugomvi, mtembelee mwenyekiti huyo kabla hujaondoka umwombe barua ya utambulisho, kwa sababu mwenyekiti wa LC1 wa mtaa unakokwenda anaweza kuitaka. Funguo mkabidhi mwenye nyumba au msimamizi mwenyewe, na usitoke getini kabla hajakuandikia kwamba amezipokea, ni ngapi, na saa ngapi.