Kupima ajira isiyo rasmi Tanga: anzia kwenye kaya, si sokoni

Kosa la kwanza hutokea kabla mdadisi hajashika dodoso: kuchanganya biashara isiyo rasmi na ajira isiyo rasmi. Duka la vifaa vya ujenzi lenye leseni na namba ya mlipakodi ni rasmi. Kijana anayebeba saruji humo humo bila kuchangiwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ajira yake si rasmi. Wanatakwimu wa kazi duniani walifasili sekta isiyo rasmi, yaani biashara zenyewe, mwaka 1993 na ajira isiyo rasmi mwaka 2003, kwa hiyo dodoso liwe na safu mbili tofauti.

Ukizunguka soko la Mgandini ukihesabu meza utampata muuza nyanya, lakini mama wa Ngamiani anayekaanga bagia jikoni kwake na kumpa mtoto akazungushe hutamwona. Hesabu watu kule wanakolala. Italia hufanya hivyo: ofisi yake ya takwimu, Istat, hulinganisha wanaosema kwenye tafiti za kaya kwamba wanafanya kazi na wale wanaoonekana kwenye kumbukumbu za waajiri. Pengo ndilo linalofichua kazi za gizani.

Chukua maeneo 20 ya kuhesabia watu, kaya 15 kila moja. Orodhesha kaya upya, maana orodha ya zamani huruka vyumba vya uani, na wapangaji wa uani ndio unaowatafuta. Kaya za eneo zikiwa 120, gawanya kwa 15 upate 8. Okota namba kati ya 1 na 8, anzia kaya hiyo, kisha nenda kila kaya ya nane. Ukipata wafanyakazi 600 usijisifu. Majirani hufanana kazi, na mfanano huo ukikupunguzia nusu ya taarifa, 600 wako wana uzito wa 300: makosa ya pointi 6 hivi za asilimia, juu au chini. Usithubutu kutoa takwimu za kata moja moja.

Kamwe usiulize "kazi yako ni rasmi?" Uliza kama katika siku 7 zilizopita alifanya kazi ya malipo au faida, hata kwa saa moja. Mvuvi anayevua hasa kitoweo cha nyumbani, kwa fasili ya 2013 ya wanatakwimu hao hao, hayumo kwenye ajira. Kwa mwajiriwa, swali kuu ni kama mwajiri anamchangia hifadhi ya jamii. Asipojua, uliza likizo ya mwaka yenye malipo, na kama siku ya kuumwa hulipwa. Zote mbili ziwepo ndipo umwandike rasmi. (Wapo wanaokatwa mshahara na mchango haufiki. Uliza kama amewahi kuona taarifa ya michango yake.) Aliyejiajiri, uliza usajili na hesabu za biashara. Kila mtu ajijibie: mume akimjibia mkewe, bagia hupotea.

Muda nao hudanganya. Wavuvi wa dagaa wa taa hupumzika mbalamwezi ikiwa kali, na Ramadhani mama lishe wengi hufunga mchana. Sambaza kazi wiki 4 kamili, nje ya mfungo.

Nchi tajiri hutumia pia njia za mzunguko. Mchumi Vito Tanzi alikadiria uchumi uliofichika wa Marekani kwa kiasi cha noti mikononi mwa watu, kwa kuwa kazi za gizani hulipwa taslimu, lakini dola nyingi hukaa nje ya nchi hiyo. Mifumo ya viashiria vingi, inayokisia uchumi huo kwa kuunganisha dalili na visababishi vyake, hutoa mwelekeo tu, kiwango chake huazimwa kwenye kadirio jingine. Sisi hatuiiti kipimo. Linalofaa kuigwa ni mbinu ya tafiti za Umoja wa Ulaya: kumuuliza mnunuzi pia. Mtu atakiri upesi kwamba alimlipa fundi bila risiti kuliko fundi kukiri kwamba hakutoa.

Unapolinganisha na kumbukumbu za waajiri, hesabu kazi, si vichwa. Mlinzi wa usiku anayeendesha bodaboda mchana ni mtu 1, kazi 2. Na anayekuja kila siku kutoka Muheza yumo kwenye kumbukumbu za mwajiri wa Tanga, ila hayumo kwenye kaya zako. Usipoongeza swali la mahali pa kazi pande zote mbili, pengo litasinyaa bila sababu.