Ndoo, kamba na uvutano wa kuundwa: jaribio la ufuoni Malindi

Kitu kikizungushwa huhisi kama kina uzito, na huo ndio uvutano wa kuundwa. Kuuona, chukua ndoo ya plastiki ya lita 5, tia maji lita 2, ufunge kamba ya nailoni kwenye utambo. Kagua masikio ya ndoo, maana ndiyo yanayong'oka kwanza. Kamba ya makumbi iliyochakaa usiiamini. Pima mita 1 kutoka mkononi hadi kwenye maji. Ngoja bahari ikupwe upate nafasi, na watazamaji wakae ubavuni, si mbele wala nyuma yako: ndoo ikichomoka huelekea huko.

Bembeza mara mbili tatu, kisha zungusha wima bila kusita. Wanaolowa ni wale wanaopunguza kasi ndoo inapofika juu. Ukitaka kusimama, tembea nayo hatua chache inapopanda mbele. Usiikatize ikiwa kichwani.

Hesabu yake ni hii: nusukipenyo mara 39.5, gawanya kwa sekunde za mzunguko mmoja mara sekunde hizo hizo. Kwa mita 1 na sekunde 2 unapata mchapuko (badiliko la mwendo kila sekunde) wa 9.9, juu kidogo tu ya 9.8 ya uvutano wa dunia, kwa hiyo hapo maji yako ukingoni mwa kumwagika. Lenga sekunde 1.5: unapata 17.5, na ndoo ikipita chini mkono utahisi uzito wa kama kilo 7.

Wengi husema maji yanasukumwa nje. Sivyo. Maji yanataka kwenda moja kwa moja. Kitako cha ndoo ndicho kinachoyasukuma kuelekea kati, na msukumo huo ndio "uzito" wenyewe. Thibitisha kwa mpira wa soksi uliofungwa uzi: chora duara mchangani, uzungushe juu yake, uachie. Utakwenda ukigusa ukingo wa duara, hautaruka kutoka kati kwenda nje.

Angani ni vivyo hivyo. Chombo kinachozunguka mara 2 kwa dakika kinahitaji nusukipenyo cha mita 223 ili miguu ihisi uzito wa duniani. Ukikipunguza hadi mita 2 lazima kizunguke mara 21, na kichwa kilicho sentimita 30 kutoka kati hupata asilimia 15 tu ya uzito huo. Hapo hata kugeuza shingo huleta kichefuchefu, ndiyo maana ufupi si nafuu.

Dunia nayo inazunguka. Malindi inakimbia mashariki mita 464 kila sekunde, kasi iliyosaidia roketi ya setilaiti Uhuru kutoka Ngomeni, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Ila mzunguko mmoja huchukua sekunde 86,164, kwa hiyo hesabu ile ile, kwa nusukipenyo cha dunia, inatoa mchapuko wa 0.034 tu.