Likizo ndefu inayomfuata fundi: mwongozo kwa mkandarasi mdogo wa Victoria, Australia

Fundi wa ujenzi hadumu kwa bosi mmoja. Mwaka huu anapiga plasta ghorofa la Footscray, mwakani yuko Dandenong kwa mkandarasi mwingine, na kazi ya Dandenong ikiisha anaitwa Geelong. Sheria ya kawaida ya Australia humpa likizo ndefu yenye malipo mtu aliyekaa na mwajiri yuleyule miaka saba au kumi, kutegemea jimbo. Kwa mwendo wa saiti, fundi angefika uzeeni bila kuionja. Ndiyo sababu, tangu miaka ya 1970, majimbo yalianza kuunda mifuko ya sekta: siku za fundi huandikwa sehemu moja, na hata akibadilisha mabosi kumi, zinaendelea kujumlishwa.

Nashika vitabu na mishahara ya wakandarasi wadogo hapa Melbourne. Wateja wangu wengi ni ndugu zetu Wakongo, Warundi na Wakenya waliofungua kampuni za rangi, vigae, plasta na kufunga nondo. Wengi wao huuona mfuko huu kuwa bili nyingine tu. Mimi nasisitiza jambo moja: kinachoenda kule, kabla ya hela, ni kumbukumbu ya siku za kazi za mtu. Usipozipeleka wewe mwajiri, fundi ndiye atakayehangaika kuzithibitisha miaka baadaye, pengine wakati kampuni yako haipo tena.

Hatua ya 1: Jua mfuko unaokuhusu na hela inatoka wapi

Kila jimbo lina mfuko wake. Victoria ni LeavePlus, ambao wakongwe wa saiti bado wanauita CoINVEST kwa jina lake la zamani. Unaendeshwa chini ya sheria ya likizo ndefu ya sekta ya ujenzi ya mwaka 1997. New South Wales kuna Long Service Corporation, Queensland QLeave, Australia Magharibi MyLeave, Tasmania TasBuild, na Northern Territory NT Build.

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, kwa hiyo nenda nami polepole. Haki ya fundi inafanana kila jimbo, lakini anayeigharamia si yuleyule. Victoria, mwajiri analipa mchango unaokokotolewa kwenye mshahara wa kila fundi. New South Wales na Queensland, hela hutoka kwenye mradi wenyewe: tozo inalipwa kabla kazi haijaanza, na bila uthibitisho wa malipo kibali cha ujenzi hakitoki.

Chukua jengo la dola 400,000. New South Wales, tangu tarehe 1 Januari 2023, tozo ni asilimia 0.25 kwa kazi ya kuanzia dola 250,000, kwa hiyo jengo hilo linatozwa dola 1,000. Queensland kiwango cha kuanzia ni dola 150,000 na tozo nzima ni asilimia 0.575, yaani dola 2,300. Ndani yake, dola 1,400 ndizo za likizo ndefu. Zinazobaki zinaenda kwenye usalama kazini na mafunzo ya ufundi.

Sasa usikilize vizuri wewe unayechukua kandarasi Brisbane au Sydney. Tozo ya mradi ikishalipwa, deni lako halijaisha. Bado unatakiwa kujisajili kama mwajiri na kupeleka siku za mafundi wako kwa muda uliopangwa. Nimekutana na wakandarasi waliokaa miaka wakiamini kwamba risiti ya tozo ya mwenye jengo imewamalizia kazi, huku mafundi wao hawana hata siku moja iliyoandikwa.

Kuanzia hatua inayofuata nazungumzia Victoria.

Hatua ya 2: Pitia orodha ya watu wako, mmoja mmoja

Andika majina yote ya watu unaowalipa, kisha jiulize kuhusu kila mmoja: anafanya nini hasa kwa mikono yake? Seremala, muashi, fundi umeme, mpiga rangi, mfunga nondo, kibarua wa saiti, hao wamo. Kibarua wa siku mbili kwa wiki yumo pia. Sheria haiulizi kama mtu ni raia au ana viza ya muda.

Wanagenzi usiwasahau. Hulipi mchango kwa ajili ya mwanagenzi, lakini lazima umsajili na kupeleka siku zake. Kijana aliyeanza akiwa na miaka 17 na siku zake zikaandikwa vizuri anakuwa na miaka minne mkononi siku anayopewa cheti cha ufundi.

Karani wako wa ofisini kwa kawaida hayumo. Yeye analindwa na sheria ya jumla ya likizo ndefu ya Victoria ya mwaka 2018, na akifikisha miaka saba kwako, wewe mwenyewe ndiye utakayemlipa.

Halafu kuna yule anayeitwa "mtu wa ABN", yaani mwenye namba ya biashara ya Australia. Hapa naomba umakini, kwa sababu jambo hili linawaumiza ndugu zetu wageni kuliko watu wengine. Mtu anafika, anaambiwa akachukue namba ya biashara, kesho yake anaanza kazi kwa saa alizopangiwa, na vifaa vya bosi, akielekezwa kila kitu. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Australia iliamua kesi ya Personnel Contracting, iliyohusu kijana aliyefanya kibarua kwenye saiti za Perth kupitia kampuni ya kupeleka wafanyakazi. Mkataba wake ulimwita mkandarasi wa kujitegemea. Mahakama ilipima haki na wajibu uliokuwa ndani ya mkataba huo, ikasema ni mwajiriwa. Kwa hiyo ABN peke yake haikutoi kwenye wajibu. Mtu akiwa kweli anajitegemea, ana wateja wake na anatoza kwa kazi, LeavePlus inampa nafasi ya kujisajili mwenyewe na kujilipia. Mweleze, wengi hawajui.

Kuna na swali la kampuni kubwa kidogo: "Sisi tuna makubaliano yetu ya kitaifa ambayo tayari yanatoa likizo ndefu, kwa nini tuchangie tena?" Hilo lilishafika Mahakama Kuu katika kesi ya Jemena dhidi ya CoINVEST, mwaka 2011. Waajiri walidai sheria ya Victoria inagongana na masharti ya kazi ya ngazi ya shirikisho. Wakashindwa: michango inadaiwa.

Hatua ya 3: Jisajili, kisha msajili kila fundi kwa jina sahihi

Kujisajili kwa kampuni ni kazi fupi ya mtandaoni: ABN, anwani, aina ya kazi, tarehe uliyoajiri mtu wa kwanza. Tarehe hiyo iandike kwa ukweli. Mfuko una haki ya kudai michango ya nyuma, na deni lililojificha miaka mitano linauma kuliko la robo mwaka moja.

Kazi kubwa iko kwenye majina. Fundi aliyezaliwa Bukavu au Bujumbura mara nyingi ana jina lililopangwa kwa utaratibu usiofahamika huku. Kwenye viza jina la ukoo limetangulia, kwenye leseni ya udereva limekuja mwisho, na bosi wa kwanza aliandika lile la ubatizo tu. Ongeza na tarehe ya kuzaliwa: watu wengi waliokuja kama wakimbizi waliandikiwa tarehe 1 Januari kwa sababu hati zao zilipotea. Basi unakuta mafundi wawili wenye majina yanayokaribiana, wote wamezaliwa 1 Januari, na siku za mmoja zinamwagikia kwa mwenzake. Au unakuta mtu mmoja ana usajili mara mbili, miaka mitatu huku na minne kule, na hakuna upande unaofikia miaka saba inayotakiwa Victoria.

Dawa yake ni hii. Kabla ya kumsajili, muulize: "Kaka, umeshawahi kufanya kazi ya ujenzi hapa Australia? Una namba ya mfuko?" Kama anayo, tumia namba hiyo, usifungue nyingine. Kama hakumbuki, keti naye mpigie mfuko simu akiwepo, waitafute kwa majina yote aliyowahi kutumia. Ukikuta usajili mara mbili, omba uunganishwe siku hiyohiyo. Kisha iandike namba hiyo kwenye faili lake la mshahara, na kila taarifa iende kwa namba hiyo.

Hatua ya 4: Tenganisha mshahara wa kawaida na malipo mengine

Mchango wa Victoria ni asilimia 2.7 ya mshahara wa kawaida. Ovataimu haimo. Posho nazo zipitie moja moja ukiwa na ufafanuzi wa mfuko mbele yako, kwa sababu posho mbili zilizokaa mstari mmoja kwenye slipu zinaweza kuhesabiwa tofauti. Ni vizuri programu yako ya mishahara iwe na mstari wake kwa kila aina ya malipo, vinginevyo kila robo mwaka utakuwa unachambua upya.

Tuchukue kampuni ndogo ya plasta yenye watu watatu kwa robo mwaka moja.

Fundi mkuu analipwa dola 42 kwa saa, saa 38 kwa wiki, wiki 13. Mshahara wa kawaida ni dola 20,748. Alipata na dola 3,100 za ovataimu ya Jumamosi, ambazo tunaziacha nje. Mchango wake: dola 560.20.

Kibarua alifanya siku 31 tu na mshahara wake wa kawaida ulikuwa dola 9,300. Mchango: dola 251.10.

Mwanagenzi alifanya robo nzima. Siku zake zinaandikwa zote. Mchango: sifuri.

Jumla unayolipa ni dola 811.30.

Hela hiyo inatoka mfukoni mwa mwajiri. Usimkate fundi. Nimeshika kwa mikono yangu slipu ya fundi mmoja yenye makato yaliyoandikwa "likizo", na mwenyewe alidhani ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Ukiona jambo kama hilo kwenye kampuni yako, rudisha hela yake na urekebishe programu.

Usichanganye pia mifuko mitatu inayotajwa pamoja saiti. Supa ni akiba ya uzeeni, asilimia 12 tangu tarehe 1 Julai 2025. Incolink ni fidia ya mtu anapopunguzwa kazini. LeavePlus ni likizo ndefu. Kulipa mmoja hakufuti mwingine.

Hatua ya 5: Peleka taarifa kila robo mwaka

Robo zinaishia tarehe 30 Septemba, 31 Desemba, 31 Machi na 30 Juni. Robo ikiisha, unajaza siku na mshahara wa kila fundi, kisha unalipa. Mimi huwashauri wateja waandae takwimu kila mwezi, wiki ya kwanza, wakati bado wanakumbuka nani alikuwa saiti gani. Karatasi za mahudhurio za miezi mitatu iliyopita hazisomeki vizuri kama za wiki iliyopita, hasa zile zilizolowa mvua ndani ya gari.

Kabla ya kubonyeza kutuma, linganisha mambo mawili. Kwanza, idadi ya majina kwenye taarifa na idadi kwenye orodha ya mishahara. Pili, siku za kila mtu na mahudhurio yake. Hela ikipungua, mfuko utakukumbusha wenyewe. Siku zikipungua, hakuna atakayegundua isipokuwa fundi, na pengine baada ya miaka. Kama hukuwa na mtu robo hiyo, waarifu mfuko badala ya kunyamaza.

Sheria za kazi za shirikisho zinakutaka utunze kumbukumbu za wafanyakazi miaka saba. Kwa likizo hii zitunze zaidi ya hapo, maana swali kuhusu utumishi wa mtu linaweza kuibuka baada ya miaka kumi.

Hatua ya 6: Fundi anapovuka mpaka, anapoomba likizo, anapoondoka

Mifuko ya majimbo ina makubaliano ya kutambuana. Aliyefanya miaka minne Victoria na mitatu Queensland hapotezi kitu, ilimradi kila upande uliandika siku zake. Ugumu uko kwa wakandarasi wa mpakani, kama wa Wodonga wanaovuka mto Murray kila asubuhi kwenda Albury, New South Wales. Ukipata kazi ya ng'ambo, waandikie mifuko yote miwili kabla ya kuanza, eleza itachukua muda gani, na uhifadhi majibu yao.

Fundi akifikisha miaka saba Victoria, anadai likizo yake kwa mfuko na mfuko ndio unaomlipa. Kwako anachohitaji ni ruhusa na tarehe mliyokubaliana. Wengi wa ndugu zetu huitumia kwenda kuwaona wazazi Goma, Uvira au Kigoma, safari ambayo wiki nne za likizo ya kawaida haziitoshi. Mpangie mapema, na tafuta mtu wa kushika nafasi yake.

Siku anapoacha kazi kwako, usisubiri hadi usahau. Andika tarehe yake ya mwisho kwenye mfuko, weka siku zote za mwezi huo, kisha mpe karatasi yenye vitu vitatu: namba yake ya mfuko, jumla ya siku ulizopeleka, na jina la kampuni yako kama lilivyosajiliwa. Mwonyeshe pia jinsi ya kuingia kwenye akaunti yake mtandaoni ili azihakiki mwenyewe. Kampuni ikifungwa, fanya hivyo kwa kila aliyekuwepo, kabla ya kufuta ABN.