Kutengeneza breki ya kuegesha ya Bobcat iliyoharibika: ninavyoifanya gereji, Chake Chake

Pemba ina vilima. Ukitoka tu bandarini Mkoani unaanza kupanda, na viwanja vingi tunavyochimbia misingi viko ubavuni mwa mabonde. Kwa hiyo mashine ikiletwa kwangu breki ya kuegesha haishiki, hainyanyui mchanga tena mpaka imepona.

Naandika kuhusu zile mashine ndogo za kupakia ambazo wengi tunaziita Bobcat hata zikiwa za kampuni nyengine. Hazina usukani wala pedali ya breki. Ukirudisha mikono ya kuendeshea katikati, haidroliki (mfumo wa presha ya oili) yenyewe huisimamisha. Breki ya kuegesha kazi yake ni kuishikilia mashine iliyokwisha simama. Kwenye matoleo mengi ya zamani tuliyonayo huku ni kabari ya chuma inayoanguka katikati ya meno ya diski mbili, moja ya upande wa kushoto na moja ya kulia. Solenoidi, yaani sumaku inayofanya kazi kwa umeme, ndiyo huinyanyua. Dereva akizima injini, au akinyanyua kile chuma cha mapajani kinachomzuia kitini, umeme hukatika na kabari huanguka.

Hapo ndipo uharibifu unapoanzia. Dereva ananyanyua chuma cha mapajani ili ageuke kutazama nyuma, na mashine bado inatembea. Kabari inaangukia meno yanayozunguka. Mara moja haitavunjika, lakini kila pigo hula kingo zake.

Kabla ya kufungua chochote

Iweke mashine pahala tambarare, ndoo chini kabisa, na utie magogo mbele na nyuma ya magurudumu. Washa injini, shusha chuma cha mapajani, bonyeza kitufe cha kufungua breki na usikilize. Ikiwa nzima utasikia "tak" moja nzito chini ya miguu. "Tak" ikifuatwa hapo hapo na nyengine ina maana kabari imenyanyuka kisha ikaanguka, yaani imevutwa lakini haikushikiliwa. Ikiwa kimya kabisa, anza na fyuzi na rilei (swichi inayowashwa kwa umeme).

Zima, kisha ng'oa waya hasi wa betri. Inyanyue mashine kwa jeki na uiweke juu ya stendi nne za chuma, magurudumu yote hewani. Usiruke jambo hili, kwa sababu uzito ukiwa bado uko kwenye magurudumu, meno huibana kabari na hutaitoa hata kwa nyundo.

Inua kabini na uhakikishe komeo lake limeingia. Usiziamini zile shoki za gesi peke yake. Kwa hewa yetu ya chumvi huchoka mapema, na kabini ikikuangukia mgongoni hakuna wa kuinyanyua peke yake.

Udongo kwanza

Toa sahani ya sakafu na uchote uchafu wote. Wakati wa masika udongo wetu mwekundu huingia humo, kisha jua likitoka unakauka kama tofali kuzunguka kabari. Nimewahi kutumia tindo ya mbao kutwa nzima, na chini yake kabari, diski na solenoidi vyote vilikuwa vizima. Kabari ilishindwa kuanguka kwa sababu haikuwa na nafasi.

Mashine moja ililetwa kwangu kabari yake imefungwa juu kwa waya wa nondo. Nikamuuliza kijana aliyekuja nayo.

"Ami, solenoidi ilikufa, na mpya mpaka itoke Dar kwa meli. Zege lilikuwa linasubiri."

"Na wanaofunga nondo chini ya kilima je, mwanangu?"

Hakujibu. Waya ule niliukata kabla sijagusa kitu chengine. Mashine hizi nyingi zina uzito wa tani 2 na zaidi. Ukiukuta waya kama huo, ukate, na umwambie mwenye mashine kuwa haitoki mpaka breki ishike.

Solenoidi

Chomoa plagi yake utazame pini. Zikiwa zimeota kijani, zisugue kwa brashi ndogo na dawa ya kusafishia umeme, kisha pima tena kabla ya kununua chochote. Solenoidi hii ina koili mbili, yaani misokoto ya waya. Ya kuvuta hula umeme mwingi kwa muda mfupi tu, kwa hiyo ukinzani wake (namna inavyozuia umeme, hupimwa kwa omu) ni mdogo sana, chini ya omu 1. Ya kushikilia huwa na omu nyingi zaidi, mara nyingi kupita 10. Mita isiposoma kitu kwenye koili ya kushikilia, ndiyo ile "tak" mbili uliyoisikia. Koili zote zikiwa nzima, rudi nyuma ukafuate waya wa ardhi na swichi ya chuma cha mapajani.

Kabari na diski

Toa kabari uisafishe kwa dizeli. Pitisha kidole kwenye kingo zake. Zinatakiwa ziwe kali na sawa, zikiwa za mviringo ni ya kubadilisha. Usiijaze kwa kuchomelea. Moto huharibu ugumu wa chuma, na kabari isiyo sawa hushika diski moja ikaiacha nyengine.

Kwenye mashine nilizozizoea diski ziko ndani ya sanduku la minyororo inayozungusha magurudumu. Fungua kifuniko cha katikati, chovya sumaku kwenye oili na uizungushe. Ikitoka na vipande vya meno, mwaga oili yote uoshe sanduku, maana vipande hivyo vitakula mnyororo. Diski iliyopinda au kuvunjika jino, mimi hubadilisha zote mbili. Kaza bolti kwa torki (nguvu ya kukazia) ya kitabu cha mashine yako, futa uso wa kifuniko ukauke, tia silikoni nyembamba na ufunge.

Kabari inaporudi lazima ianguke kwa uzito wake wenyewe. Ipake oili kidogo tu, kwani grisi hukamata mchanga. Sukuma kigingi cha solenoidi, kile chuma kinachovutwa ndani yake, kwa mkono mpaka mwisho wa mwendo wake. Kisipofika mwisho, koili ya kushikilia haitakuwa na nguvu ya kukibakisha juu.

Ikiwa yako haina kabari, ni ile ya sahani zilizo ndani ya mota zinazofunguliwa kwa presha ya oili, usikimbilie kufungua mota. Pima kwanza presha ya pampu ndogo inayolisha mfumo, na valvu yake ya umeme.

Kuijaribu

Magurudumu yakiwa bado hewani, teremsha kabini, rudisha betri, kaa, funga mkanda, washa, fungua breki. Yazungushe polepole, yasimamishe, kisha nyanyua chuma cha mapajani. Kabari ianguke hapo hapo. Ukiishusha mashine chini, funga breki na usukume mikono taratibu. Mashine isiende. Mwisho ipeleke kwenye mteremko mdogo usio na mtu chini. Itajongea kidogo mpaka jino lifikie kabari, kisha itulie. Kujongea huko ni kwa kawaida.

Baada ya saa 10 za kazi, fungua tena sahani ya sakafu, kaza bolti za mabano ya solenoidi na uchote udongo ulioingia.