Mkutano mkuu wa wanaojitolea: kupata ukumbi wa bei nafuu na kutuma taarifa mubashara

Katibu wa kikundi kimoja cha vijana wanaojitolea kufundisha watu wazima kusoma aliniomba nimsaidie kupanga mkutano wao wa mwaka. Bajeti ndogo, wanachama wametawanyika kuanzia Kigoma hadi Mtwara, na mkononi ana orodha ya hoteli alizookota mtandaoni. Orodha ile tuliiweka kando yote. Yanayofuata ndiyo tuliyoyafanya badala yake, pamoja na mengine ninayoyafanya kila mwaka kwenye chama chetu. Nalenga mikutano ya watu kama 60 hadi 150, Tanzania Bara.

Hatua ya 1: Piga hesabu kwa kichwa cha mshiriki, siyo kwa ukumbi

Tuseme mna watu 80, siku mbili, na wote watalala usiku mbili. Ukumbi wa kwanza ni shilingi 250,000 kwa siku, uko pembezoni mwa mji, hauna malazi. Wa pili ni 500,000 kwa siku, uko ndani ya chuo chenye hosteli, kitanda 10,000. Kamati itapiga makofi kwa ule wa kwanza. Sasa ongeza gesti ya 25,000 kwa usiku na bajaji ya 4,000 kwa siku kwa kila mtu. Wa kwanza unafika 5,140,000. Wa pili unaishia 2,600,000.

Kwa hiyo swali la kwanza kuuliza ni "watu watalala wapi?", na bei ya ukumbi ifuate baadaye. Chakula hakijaingia hapo, nauli pia.

Na kwa kuwa tumeitaja nauli: malizeni suala la posho kabla hata ya kutafuta ukumbi. Sisi tunarudisha nauli kwa kuangalia tiketi, tunalisha, tunalaza, basi. Iandikwe kwenye barua ya mwaliko kwa maneno yasiyo na kona, maana mjadala wa posho ukianzia ukumbini unakula asubuhi nzima.

Hatua ya 2: Mji na tarehe

Tafuteni mji ambao wengi wanaufikia kwa gari moja au treni moja. Tangu treni ya SGR (reli ya kisasa) ianze safari za abiria mwaka 2024, Morogoro na Dodoma zimekuwa rahisi kwa wanaotokea au kupitia Dar es Salaam. Nauli ya daraja la kawaida ilipotangazwa ilikuwa 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma.

Dodoma ina mtego wake: Bunge la bajeti. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni wabunge, maofisa na wageni wao wamejaa mjini, na chumba cha bei ya kawaida ni cha kubahatisha. Wiki ya kwanza ya Agosti nayo iepukeni kwenye miji yenye viwanja vya Nanenane, kama Morogoro, Mbeya na Arusha. Angalieni pia Ramadhani inaangukia lini, na masika ya Machi hadi Mei kama kuna watu wanaotoka kwenye barabara za vumbi.

Muda mzuri ni pale wanafunzi wanapokuwa makwao. Shule hufunga Juni na Desemba. Vyuo vikuu vingi huwa kwenye mapumziko marefu kati ya Agosti na Oktoba, hosteli zikiwa tupu na meneja akifurahi kuona mtu yeyote.

Hatua ya 3: Mahali pa kutafuta

Kumbi kubwa za kimataifa kama AICC ya Arusha au kituo cha Julius Nyerere pale Dar sahauni. Anzieni hapa, kwa mpangilio ninaoupenda mimi:

Vyuo vya maendeleo ya wananchi na vyuo vya ualimu. Ukumbi, bweni, jiko na uwanja viko pamoja. Havina urembo, lakini watu hawatawanyiki jioni, na kwenye mkutano wa wanaojitolea nusu ya kazi hufanyika baada ya chakula cha usiku.

Vituo vya mafungo vya makanisa. Visafi, vimetulia, chakula kinatoka kwa wakati. Ulizeni mapema kuhusu mahali pa kuswalia kwa Waislamu (hawakatai, ila chumba lazima kitengwe) na saa ya kufunga geti.

Kumbi za halmashauri na vituo vya walimu. Bei ndogo, ila kikao cha serikali kikiibuka, ninyi ndio mnaohamishwa.

Kumbi za harusi, Jumatatu hadi Alhamisi. Siku hizo zimekaa bure na bei inapungua ukiomba vizuri. Ijumaa msikubali kabla ya kuuliza kama kesho yake kuna sherehe, kwani wapambaji wanaweza kuingia na ngazi na vitambaa saa sita mchana mkiwa bado kwenye ajenda ya tatu. Ulizeni pia kama mapambo ni ya lazima. Baadhi yao wanakutoza maua hata ukiwaambia hamna bibi harusi.

Hatua ya 4: Nenda ukauone

Picha za WhatsApp hazitoshi. Nenda mwenyewe au mtume mwanachama anayeishi mji huo, tena saa zile zile za mkutano.

Meneja atakuambia, "Kaka, hapa umeme haukatiki." Mwombe awashe jenereta ukiwa umesimama hapo, kisha uliza dizeli ni ya nani. Uliza na LUKU (umeme wa kulipia kabla): zipo kumbi ambazo mpangaji ndiye anayenunua uniti, na feni pamoja na spika haziko kwenye bajeti yako. Tazama juu. Bati lisilo na dari maana yake mvua ikinyesha mkutano umesimama. Kaa kiti cha mwisho nyuma, mwenzako asome gazeti mbele kwa maiki yao wenyewe. Hesabu matundu ya choo, ya wanawake na ya wanaume, na uone kama maji yanatoka. Mtu mwenye kiti cha magurudumu anaingilia wapi? Jirani kuna baa, kinu cha kusaga au kanisa lenye mazoezi ya kwaya?

Kisha toa simu. Jaribu laini za kampuni tofauti, ukiwa meza kuu, ukiwa nyuma na ukiwa nje mlangoni, uone ipi inashika wapi. Watu wengi huacha jambo hili hadi asubuhi ya mkutano, na hapo taarifa mubashara zinafia ndani ya kuta nene. Mtandao mzuri ukumbi ukiwa mtupu hauahidi kitu watu 100 wakiwa ndani na wote wamefungua simu, kwa hiyo pangeni kuwa na laini mbili za kampuni mbili. Tafuta pia soketi karibu na dirisha: hapo ndipo meza ya waandishi wenu wa taarifa itakapokaa, na meneja asije akaweka birika la chai.

Hatua ya 5: Mkataba na malipo

Bei iwe na VAT ndani au nje? Iandikwe. Saa za kuingia na kutoka ziandikwe, na amana irudishwe lini. Chuo cha umma au halmashauri wakupe kontroli namba (namba ya malipo ya serikali). Ukiambiwa "tuma kwenye namba yangu hii, tutaelewana", acha. Kwa watu binafsi dai risiti ya mashine ya kodi (EFD), mweka hazina wenu ataihitaji.

Hatua ya 6: Taarifa mubashara

Hapa ndipo nilipomwona katibu yule akihangaika mchana mzima, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anzeni na swali: nani anasubiri taarifa hizi? Mara nyingi ni makundi matatu. Wanachama waliobaki mikoani, ambao wamechanga na wanataka kujua nini kimeamuliwa. Wafadhili na marafiki, wanaotosheka na picha chache na habari njema. Na wanachama wa vijijini wenye simu ndogo za vitufe (kitochi), ambao kila mtu huwasahau.

Wazo la kwanza la kila kamati ni kurusha video. Mimi napinga. Saa moja ya video inaweza kula nusu GB au zaidi ya bando la anayetazama, na anayejitolea bila mshahara hatalimalizia bando lake kwenye hotuba ya mgeni rasmi. Mkilazimika, jueni haya: akaunti ya YouTube ambayo haijawahi kurusha mubashara inaweza kusubiri hadi saa 24 baada ya kuomba ruhusa, na kurusha kwa simu kunahitaji angalau wafuasi 50. Katibu alikuwa ameifungua akaunti mpya siku mbili kabla, wafuasi 11, na hakuna kitufe alichobonyeza kilichomsaidia. Kama mnaitaka video, fungueni akaunti mwezi mmoja kabla na waombeni wanachama wajiunge. La sivyo rekodini tu, mkate vipande vya dakika moja moja.

X (zamani Twitter) isiwe kwenye mpango wenu. Tangu ilipozuiwa nchini Mei 2025 haina maana kuitegemea kwa wasomaji wa hapa.

Kinachofanya kazi ni maandishi kwenye WhatsApp, na hapa kuna njia mbili zisizofanana. Kundi linabeba hadi watu 1,024 na kila mmoja anaona namba za wenzake. Chaneli ni ya upande mmoja, wafuasi hawaoni namba za wenzao, lakini yeyote mwenye kiungo anaweza kusoma. Sisi tunatumia vyote: kundi la wanachama kwa maamuzi, chaneli kwa wafadhili na marafiki. Kundi liwekeni viongozi pekee ndio waandike. Bila hivyo taarifa moja ya uchaguzi itafukiwa na "Amina" sitini na vikatuni vya maua, na atakayeamka jioni hataiona. Fungueni kundi la pembeni kwa pongezi na maswali, na mtu mmoja awe anayakusanya maswali na kuyapeleka kwa mwenyekiti wa kikao.

Sasa wenye kitochi. Wao ni SMS, mara mbili kwa siku, mchana na jioni. Mkitumia kampuni ya kutuma SMS nyingi kwa pamoja, jina la mtumaji haliwezi kuzidi herufi 11, na kusajili jina huchukua siku, siyo saa. Ombeni mapema. Halafu kuna jambo dogo linaloongeza gharama bila kuonekana: SMS moja ni herufi 160, lakini ukiweka ndani yake emoji hata moja, au zile alama za kunukuu zilizopinda ambazo Word huziweka yenyewe, kikomo kinashuka hadi 70. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja unakuwa tatu, kwa kila mtu. Kwa hiyo usinakili kutoka WhatsApp au Word. Andika upya kwenye programu ya maandishi ya kawaida, tumia alama za kunukuu zilizonyooka au usizitumie kabisa, kisha jitumie wewe kwanza uone imehesabiwa ngapi. Ukivuka 160 ujumbe unakatwa vipande vya 153, kwa hiyo bora upunguze maneno kuliko kuingia kipande cha pili kwa sababu ya "tunawashukuru sana".

Kwa wasiosoma vizuri, ujumbe wa sauti wa dakika moja, kwa mtu mwenye sauti tulivu, mbali na spika. Kwa kikundi cha yule katibu, huu ndio uliosikilizwa na wanafunzi wao pia.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Watu watatu: mwandishi, mhakiki, mpiga picha. Mwandishi asiwe katibu wa kikao. Hakuna kitu kinachotoka kabla ya mhakiki kukisoma, na matokeo ya uchaguzi hayatoki hata kama kila mtu ameyasikia, mpaka msimamizi ayatangaze kwa kinywa chake.

Kila taarifa iwe na namba, saa na jambo moja. Mfano:

*Na. 7, saa 5:40 asubuhi. Ada ya mwaka imebaki 10,000. Waliounga mkono 52, waliopinga 19. Kinachofuata: taarifa ya mweka hazina.*

Namba inamsaidia aliyekosa Na. 5 ajue amekosa. Mkikosea, WhatsApp inakuruhusu kuhariri ujumbe kwenye kundi ndani ya dakika 15, baada ya hapo msifute, tumeni "Sahihisho la Na. 7". Kilichofutwa ndicho watu watakachojadili jioni nzima.

Picha: tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ridhaa si hisani. Sisi tunagawa kamba za vitambulisho za rangi mbili mlangoni. Mwenye nyekundu hapigwi picha ya kutambulika. Watoto waliokuja na mama zao hawapigwi kabisa. Karatasi za mahudhurio zenye namba za simu zisionekane nyuma ya picha, na hilo hutokea kuliko mnavyodhani.

Bebeni pawabenki mbili na waya wa ziada.

Hatua ya 8: Kufunga

Hamisheni mazungumzo ya kundi kwenda kwa katibu siku hiyo hiyo. Zile namba na saa zitamrahisishia muhtasari. Ukumbi mkague pamoja na meneja kabla hamjaondoka, viti vihesabiwe, maiki zijaribiwe, na amana irudi kabla basi la Kigoma halijaondoka na mweka hazina wenu.