Jinsi ya kumtafutia ndugu avoka Lubumbashi, tangu usiku wa kwanza hadi rekodi safi

Mdogo wangu alikamatwa Alhamisi jioni katika soko la Kenya, komini mojawapo ya hapa Lubumbashi, kutokana na malalamiko ya mfanyabiashara aliyekuwa amemletea magunia 40 ya unga wa mahindi. Alilala usiku 4 katika kashoti, yaani mahabusu ya polisi, akapelekwa Parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, akaachiliwa kwa dhamana, na baada ya wiki kadhaa dosie yake, yaani faili la kesi, ikafungwa bila kufika kwenye hukumu. Leo hana doa lolote katika rekodi yake, lakini tungefika hapo mapema na kwa fedha kidogo zaidi kama tungalijua mambo ninayoyaandika hapa.

Nilikuwa nikidhani kwamba kazi ya avoka, yaani wakili, huanza siku ya kusimama mbele ya hakimu. Sivyo. Rekodi ya makosa, ile tunayoiita kazie, huandikwa hukumu na si tuhuma, kwa hiyo anayetaka ndugu yake abaki bila rekodi atafute mtetezi wakati jambo bado liko mikononi mwa polisi na Parke, maana hapo ndipo linapoweza kuishia.

Anza na saa. Andika saa kamili aliyokamatwa, mahali, na majina ya walioshuhudia, kwa sababu kifungu cha 18 cha Katiba ya Kongo ya 18 Februari 2006 kinasema kwamba mtu hawezi kushikiliwa na polisi zaidi ya saa 48, na kwamba lazima aelezwe sababu za kukamatwa kwake katika lugha anayoielewa na aruhusiwe kuwasiliana mara moja na familia yake au mtetezi wake. Kifungu cha 19 kinampa haki ya kusaidiwa na mtetezi katika ngazi zote, hata wakati wa uchunguzi wa polisi. Sisi hatukuandika saa. Kituo kilipodai kwamba mdogo wangu aliingia Ijumaa, hatukuwa na la kuonyesha, na Jumamosi na Jumapili zikapita akiwa ndani.

Kuhusu kumpata avoka, uchungu wangu ni huu: Ijumaa asubuhi nilimlipa dola 150 mtu aliyenikuta mlangoni pa kituo akajiita Metre, jina la heshima la maavoka, akachukua majina yetu, na hakuonekana tena. Avoka wa kweli ameandikishwa katika baro, yaani chama cha maavoka, na hapa ni Baro ya Haut-Katanga. Nenda huko uulize kama jina lake limo kabla ya kutoa chochote. Wapo pia watetezi wa mahakama, ambao si maavoka lakini sheria inawaruhusu kutetea katika mahakama ya amani na mahakama kuu ya mwanzo, na ada yao mara nyingi ni nafuu. Asiye na uwezo aulizie ofisi ya mashauri ya bure ya baro, ambayo imewekwa na sheria ya 28 Septemba 1979 inayopanga kazi ya maavoka. Atafute kwanza cheti cha kuthibitisha kwamba hana uwezo, nasi tulielekezwa kuanzia komini, yaani ofisi ya serikali ya sehemu ya mji tunamoishi. Yeyote utakayemchukua, mkubaliane ada kwa maandishi na upewe risiti.

Sasa nifike kwenye hatua iliyotugharimu kuliko zote, nayo ni PV, yaani maandishi ya maelezo ambayo mtu huyatia saini mbele ya afisa wa polisi. Mdogo wangu alihojiwa Ijumaa kwa Kiswahili, na afisa akaandika kwa Kifaransa. Nilipomuuliza alisema nini, alinijibu, akiniita yaya, yaani ndugu mkubwa: «Yaya, niliwaambia ukweli tu, kwamba alinipa mali.» Kwetu sokoni, kumpa mtu mali kunaweza kuwa kumkopesha auze na alipe baadaye, na kunaweza pia kuwa kumkabidhi aiuze kwa niaba ya mwenyewe kisha arudishe fedha. Afisa alichagua maana ya pili. Aliandika kwamba magunia yalikuwa yamekabidhiwa kwake, na neno hilo moja liligeuza deni kuwa kosa la kuvunja uaminifu, lile linaloitwa abus de confiance, ambalo sheria yetu ya adhabu inaliwekea kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5. Chini ya ukurasa kulikuwa na saini yake iliyopinda. Hakuwa amesomewa hata mstari mmoja.

Kwa hiyo mwambie ndugu yako, hata kwa kupitia mtu anayempelekea chakula, asitie saini kitu ambacho hakusomewa kwa lugha yake, na kama neno halifanani na alilosema, aombe lirekebishwe hapo hapo au aombe pingamizi lake liandikwe kabla ya saini. Kukataa kutia saini si kosa. Mama Metre tuliyempata Jumatatu alipoisoma PV, aliweka kidole kwenye lile neno na kusema kwamba kazi yake yote ingezunguka hapo. Aliomba mdogo wangu ahojiwe upya na afisa wa Parke, akiwapo mkalimani, na akatuagiza tulete daftari la soko. Ndani yake kulikuwa na kurasa 3 zenye tarehe, idadi ya magunia, na malipo ya nusu nusu ambayo mlalamikaji mwenyewe alikuwa ameyatia alama yake. Mtu aliyekabidhiwa mali halipi kwa mafungu kwa bei waliyopatana mapema. Anayelipa hivyo ni mdaiwa, na deni hudaiwa kwa kesi ya madai, si kwa kumfunga mtu.

Huko Parke fahamu hesabu ya siku. Afisa wa Parke akitoa hati ya kukamata kwa muda, lazima amfikishe mtuhumiwa mbele ya hakimu ndani ya siku 5. Hakimu akiruhusu azuiliwe, ruhusa hiyo ni ya siku 15, kisha huongezwa mwezi kwa mwezi, na kila nyongeza ni nafasi ya avoka kupinga. Kuzuiliwa kunahitaji dalili nzito za hatia, na kwa kawaida kosa lenye adhabu isiyopungua miezi 6. Adhabu ikiwa ndogo zaidi, lazima kuwe na sababu ya ziada, kama hofu ya mtu kutoroka au utambulisho wake kutojulikana. Ndiyo maana tulipeleka hati ya nyumba, kadi ya mpiga kura na barua ya mkuu wa mtaa: zilionyesha kwamba ana makao na hatakimbia. Uamuzi wa hakimu unaweza kukatiwa rufaa, lakini muda ni saa 24 tu, basi avoka asisubiri kesho.

Mdogo wangu alipewa uhuru wa muda kwa dhamana ya fedha, kwa sharti la kujionyesha kila wiki na kutotoka mjini. Dhamana si faini. Ni amana inayorudishwa kwa aliyetimiza masharti. Dai risiti yake na uitunze kama hati ya kiwanja, kwani bila karatasi hiyo hutakuwa na la kudai baadaye.

Kuna watakaokushauri umalize kwa kulipa. Sheria inaruhusu kweli faini ya maafikiano kwa kosa ambalo mahakama ingeliadhibu kwa faini tu, na malipo hayo huzima mashtaka, ila lazima yaingie katika hazina ya serikali. Fedha zinazotolewa mkononi haziachi alama katika dosie, na jambo linabaki hai. Sisi hatukulipa, kwa sababu Mama Metre aliona kwamba daftari linatosha, na baada ya mahojiano mapya afisa aliifunga dosie bila kuifuatilia. Omba uamuzi huo kwa maandishi. Dosie iliyofungwa hivyo inaweza kufunguliwa tena hadi muda wa mashtaka uishe, na kwa kosa lenye adhabu isiyozidi miaka 5 muda huo ni miaka 3. Mdogo wangu ataendelea kulihifadhi lile daftari.

Jambo likifika mahakamani na hatia ikithibitishwa, avoka bado anaweza kuomba sababu za kupunguza adhabu, na kwa asiye na hukumu nzito ya zamani, sursi, yaani adhabu inayoahirishwa kwa muda usiozidi miaka 5. Muda ukipita bila hukumu mpya, ile ya kwanza huhesabiwa kama haikuwapo. Rufaa ya hukumu ina siku 10.

Mwisho, dosie ikishafungwa, omba nakala ya kazie mwenyewe kabla mwajiri hajaiomba, na ukague majina yote matatu, tarehe na mahali pa kuzaliwa, kwa kuwa majina hufanana sana hapa kwetu. Ya mdogo wangu ilikosewa herufi moja katika jina la ukoo, tukarudi nayo dirishani siku ile ile ikaandikwa upya.